Barua ya Malalamiko: Gobore Halina Upande wa Pili

Mafundi wa Utunzaji wa Silaha za Kale,
Kampala.

14 Oktoba 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MAELEKEZO YA KUSAFISHA MAGOBORE YANAYOUZWA PAMOJA NA DAWA YENU YA BUNDUKI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Tulinunua kwenu chupa 12 za mililita 500 za dawa ya kusafishia bunduki. Kila chupa ina kikaratasi kinachoeleza jinsi ya kusafisha "bunduki za aina zote, za kisasa na za kale", na vitu gani vya nyumbani vitumike dawa ikiisha. Na dawa yenyewe hatuna ugomvi. Kwa raifo ya risasi za kisasa inafanya kazi vizuri, na tutaendelea kuitumia huko. Tunacholalamikia ni kikaratasi.

Hatua ya nne inasema: "Sukuma brashi mpaka itokee upande wa pili wa mtutu." Gobore halina upande wa pili. Mtutu wake umezibwa nyuma kwa kizibo cha chuma kilichokazwa kwa hesi. Baruti na risasi huingilia mdomoni na kushindiliwa kwa mdeki. Anayefuata hatua hiyo ataisukuma brashi hadi igote kwenye kizibo. Nywele za brashi zimelala kuelekea nyuma, hazina nafasi ya kugeuka, kwa hiyo inanasa. Akiivuta kwa hasira, kichwa kinabaki ndani. Njia ya kuitoa ni kuizungusha fimbo ya brashi kwa upande wa kukaza skrubu huku ukivuta polepole. Ukiizungusha kinyume, unaifungua fimbo na kuiacha brashi chini. Haya hayamo kwenye kikaratasi. Tunaamini aliyekiandika alinakili maelekezo ya raifo ya kisasa, kisha akaongeza maneno "na za kale".

Kabla hata ya brashi kuna jambo kubwa zaidi lililoachwa. Hakuna popote mnapomwambia mtu ahakikishe kwamba gobore halina baruti ndani. Silaha hizi hukutwa zimeshindiliwa tangu enzi za mababu, na kwa macho huwezi kujua. Njia ni rahisi: ingiza mdeki hadi ugote, utie alama mdomoni mwa mtutu, uutoe, kisha uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikiwa usawa wa mdomo. Ncha yake ifike usawa wa tundu la kuwashia. Ikipungua vidole viwili vitatu, kuna kitu ndani. Hapo kazi ya kusafisha inasimama, maji yanamiminwa ndani ili kuilowesha baruti, na silaha inapelekwa kwa fundi. Mtutu usielekezwe kwa mtu wakati wote huo. Hii ndiyo ilipaswa kuwa hatua ya kwanza, kwa herufi nene.

Sasa tuje kwenye vitu vya nyumbani. Kikaratasi kinakataza maji kabisa, "kwa sababu maji huleta kutu", na badala yake kinapendekeza jiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji, ikae mtutuni dakika 30. Mmegeuza mambo juu chini. Baruti nyeusi ni shura (nitreti ya potasiamu) asilimia 75, mkaa 15 na kiberiti (salfa) 10. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haiwi gesi. Inabaki kama masazo magumu, na sehemu kubwa ya masazo hayo ni chumvi za potasiamu. Ni chumvi hizi zinazovuta unyevu wa hewa na kuula mtutu. Chumvi haiyeyuki kwa petroli, wala dizeli, wala oili ya injini. Inayeyuka kwa maji. Ndiyo maana dawa yenu, iliyotengenezwa kwa ajili ya baruti isiyo na moshi na mabaki ya shaba ya risasi za kisasa, inapita juu ya uchafu huu na kuuacha pale pale, umelowa tu. Mtu anaona kitambaa kimetoka na weusi, anadhani kazi imekwisha. Akipaka oili ya injini juu yake, kama mnavyoshauri mwishoni, anaifungia chumvi ndani, na akipiga tena baruti, oili hiyo na masazo huungana na kuwa kitu kigumu kama lami.

Jiki ndiyo mbaya kuliko vyote. Ni kioksidishaji, yaani kazi yake yenyewe inafanana na kazi ya kutu, na ikimaliza inaacha kloridi. Kloridi hujificha kwenye vishimo vya chuma na kuendelea kula hata baada ya kupakwa mafuta. Tulijaribu maelekezo yenu, neno kwa neno, kwenye vipande vitatu vya mtutu chakavu usiofaa tena kupigwa. Kitambaa A kilitoka baada ya dakika 30: rangi ya chai ya rangi. Kitambaa B, saa sita baadaye: unga wa kahawia uliokolea. Kitambaa C kilipitishwa asubuhi yake, kikakwama kidogo njiani. Chini ya mwanga mifuo (mistari iliyochongwa ndani ya mtutu) ilionekana na nukta nyeusi ambazo ukucha unazihisi. Nukta hizo haziondoki. Vitambaa vyote vitatu tumeviambatanisha.

Kisha, hatua ya saba: "Malizia kwa siki ili kung'arisha." Hamkusema jiki isuuzwe kwanza. Jiki ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini, na mtu huwa ameinamia mdomo wa mtutu akichungulia ndani. Hatua ya nane inataka dawa ya vioo yenye amonia kwa ajili ya sehemu za shaba, na amonia na jiki pia hutoa gesi ya sumu. Hata bila jiki, siki ikigusa masazo mabichi ya baruti inafukuza harufu ya yai bovu, ambayo si ya kuvutwa kifuani, na inaondoa ile rangi ya kahawia ya kale ambayo ndiyo nusu ya thamani ya silaha. Hatua hizi mbili peke yake zinatosha kuondoa kikaratasi sokoni, hata kama hakuna gobore moja lililoharibika.

Mnachopaswa kuandika ni hiki. Maji ya uvuguvugu lita mbili, sabuni ya maji ya vyombo kijiko kimoja cha chai. Yasiwe ya kuchemka: chuma kikipata moto sana, maji hukauka kabla hujapitisha kitambaa, na utando wa kutu ya rangi ya chungwa unatokea papo hapo. Kama mtutu unatoka kirahisi kwenye mti (kitako cha mbao), fungua chuchu ya fataki (kijibomba kinachopitisha moto wa fataki hadi ndani ya mtutu), weka sehemu ya nyuma ndani ya ndoo, upampu kwa kitambaa cha pamba kwenye fimbo ili maji yapande na kushuka kupitia tundu. Kama umefungwa kwa pini, usiing'oe kila mara, pini zitalegea. Ziba tundu la kuwashia kwa kijiti laini, jaza maji robo tatu ya mtutu, subiri dakika tatu, mwaga, rudia mara tatu. Funga kitambaa kwenye mti ili usilowe. Mtambo wa kuwashia hufunguliwa na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani. Suuza kwa maji matupu, kausha kwa vitambaa mpaka kimoja kitoke kikavu kabisa. Mafuta ya taa kidogo yanasaidia kufukuza maji yaliyojificha kwenye hesi za kizibo, lakini hayasafishi.

Mafuta ya mwisho: oili nyepesi ya bunduki, au mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa na nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya moo yaa (siagi ya shea) kutoka Acholi na Lango, kaskazini mwa Uganda, nayo yanafaa kwa muda mfupi, mradi hayana chumvi. Majarini mliyoipendekeza ina chumvi na maji. Mafuta ya alizeti yanaganda kama gundi. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na kahawia, rudia kuosha. Msimu wa mvua, hasa kandokando ya ziwa, angalia tena baada ya wiki.

Kuhusu sufi ya chuma mnayotaka izungushwe kwenye fimbo: inakwangua kingo za mifuo. Mpelelezi Mwingereza John Speke alimpa Kabaka Mutesa I wa Buganda raifo ya Whitworth mwaka 1862, na raifo ya aina hiyo ndani ina pembe sita, si duara. Zungusha sufi ya chuma mle, na pembe ndizo zinazolika kwanza.

Tunaomba yafuatayo ndani ya siku 14: kikaratasi kiondolewe madukani, chupa zilizobaki zibandikwe lebo inayosema dawa si ya silaha za baruti nyeusi, wateja waliokwisha kununua wajulishwe kwamba jiki na siki havichanganywi, nasi turudishiwe fedha za chupa tisa ambazo hazijafunguliwa. Ziko kwenye katoni yake pamoja na risiti, na dereva wenu anaweza kuzichukua siku yoyote ya kazi kabla ya saa kumi jioni. Rasimu ya maelekezo mapya mkitaka tuipitie kabla haijachapwa, tutaipitia bila malipo.

Wenu,

Mafundi wa Utunzaji wa Silaha za Kale, Kampala

Viambatanisho: vitambaa A, B na C, nakala ya kikaratasi, nakala ya risiti.