Dona ipewe nafasi yake mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ugali, ambao familia nyingi nchini huula karibu kila siku bila kujiuliza umetokana na unga gani. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, pumba na kiini huondolewa, na humo ndimo zilimo nyuzinyuzi pamoja na sehemu kubwa ya vitamini B na madini. Pumba hizo hufungwa kwenye viroba na kuuzwa kwa wafugaji, nasi tukabaki na wanga mweupe. Dona, yaani ugali wa unga wa mahindi yasiyokobolewa, hushibisha kwa muda mrefu zaidi, jambo linalomfaa hasa mwenye kisukari, mradi asijaze sahani ugali na kuweka mboga kidogo pembeni. Ni kweli kwamba unga wake huharibika upesi, na mahindi yasiyokaushwa vizuri huweza kuwa na sumukuvu, hivyo ni lazima yachambuliwe kabla ya kusagwa. Nisichokielewa ni kwa nini migahawa mingi bado huiona dona kama chakula cha wanafunzi wa bweni. Wenye migahawa wangepika angalau sufuria mbili, mteja akajichagulia.

Msomaji wako,
Morogoro