Kabla ya kulipia laptopu, soma namba ya prosesa

Mhariri,

Anayetaka kompyuta ya kazi hapa Lamu huchagua kati ya laptopu mpya ya bei ya chini, laptopu ya mtumba iliyotoka maofisini Ulaya, na kompyuta ya mezani. Wengi huchukua ile mpya kwa kuwa inang'aa na ina karatasi ya gwaranti. Kwa maoni yangu ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Aghalabu RAM yake (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni GB 4 na hifadhi ni eMMC (chipu ya kuwekea mafaili) ya GB 64, zote zimechomelewa kwenye bodi. Windows 11 peke yake hula zaidi ya GB 20. Ukiongeza programu na picha za simu, masasisho yanakosa nafasi na mashine inaanza kujikokota. Hapo fundi hana cha kuchomoa wala cha kupachika.

Kwa pesa zinazokaribiana hupatikana mtumba kama Dell Latitude 5490, ThinkPad T480 au HP EliteBook 840 G5. Zote zina nafasi mbili za RAM, na SSD yake (diski ya kuwekea mafaili) hubadilishwa kwa bisibisi. Lakini usinunue jina. EliteBook 840 G5 moja huwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya i5-8350U, yaani kizazi cha 8, na nyingine ina i5-7300U, kizazi cha 7. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ya kizazi cha 7 haimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Muuzaji akisema "ni i5" akanyamaza, bado hajakwambia kitu.

Kisha pima betri palepale dukani: andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri (Command Prompt), ulinganishe uwezo wa kiwandani na wa sasa. Ukiwa chini ya asilimia 60, toa bei ya betri mpya katika maelewano.

Ya mezani ni rahisi kutengeneza, ila hutumia umeme mwingi. Pamoja na skrini, tuseme inakula wati 100 na laptopu 25. Kwa saa 8 kila siku, siku 26, hizo ni yuniti 20.8 dhidi ya 5.2. Ukikadiria yuniti kwa shilingi 28, tofauti ni kama shilingi 437 kwa mwezi, zaidi ya 5,000 kwa mwaka. Na stima ikikatika inazima na kazi yako ndani, mpaka ununue UPS, betri ya akiba ya kompyuta. Laptopu ina betri yake.

Halafu kuna chumvi, ambayo matangazo ya Nairobi hayaitaji. Feni huvuta hewa ya bahari siku nzima. Mtumba uliokwisha kukaa pwani ufunguliwe mfuniko wa chini kabla ya kulipa: skrubu zenye kutu, au unga wa kijani kwenye soketi za RAM na USB, ni dalili kwamba bodi imeanza kuliwa. Mashine hiyo usiichukue hata kwa nusu bei.

Fundi wa kompyuta,
Mkomani, Lamu