Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Little Dipper, rolakosta ya watoto iliyojengwa mara mbili

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliagiza kamati ichague rolakosta moja ya watoto (treni ya burudani inayopanda na kushuka kwa kasi kwenye reli) na kuifuatilia tangu ilipozaliwa hadi leo. Tulichagua Little Dipper ya jimbo la Illinois, Marekani. Ni ya mbao, ni ndogo, na imejengwa katika bustani mbili tofauti za burudani, kwa hiyo inafundisha ujenzi, matunzo na uhamishaji kwa pamoja. Mambo ya kamati nimeyaweka mwishoni kwa kuwa ni mafupi.

Chanzo chake ni farasi. Mwaka 1929 Arthur Fritz alinunua farasi wadogo sita na kuanza kuwapandisha watoto kwa malipo huko Melrose Park, magharibi mwa Chicago. Mahali hapo pakakua pakawa bustani ya burudani ya Kiddieland, na mwaka 1950 ndipo Little Dipper ikafunguliwa. Msanifu wake alikuwa Herbert Schmeck wa Philadelphia Toboggan Company, kampuni ya kutengeneza rolakosta iliyoanzishwa mwaka 1904. Schmeck hakuwa mtu wa vitu vidogo tu: miaka minne kabla ya hapo alikuwa amekamilisha rolakosta ya Comet katika bustani ya Hersheypark, Pennsylvania. Kwa watoto wa Kiddieland alichora njia ya futi 700, yaani kama mita 213, yenye kimo cha futi 28, mita 8.5.

Naomba tukae kidogo kwenye hicho kimo, maana wengi hudhani rolakosta ya watoto hufanywa fupi ili wasiogope. Hofu ni sehemu ya sababu tu. Kiwanja kikiwa kidogo, kona nazo huwa kali, na nguvu inayomsukuma abiria ubavuni hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Treni inayoshuka mita 8.5 kamili, hata pasingekuwa na msuguano wowote, isingezidi kilomita 47 kwa saa. Kimo ndicho kinachoweka kikomo cha mwendo, na mwendo mdogo ndio unaoruhusu kona kali. Anayetaka kuinua mlima wa rolakosta ya namna hii lazima apanue kona zake kwanza.

Tatizo linaloandama rolakosta ndogo ni treni kuishiwa nguvu njiani. Treni yenye watoto peke yao ni nyepesi, na kani za kuikwamisha, hasa upepo na ukavu wa beringi, hazipungui kwa kiwango kile kile cha uzito. Asubuhi ya baridi grisi huwa nzito, treni ikapita kilele cha pili kwa taabu. Ndiyo maana huzungushwa tupu mara kadhaa kabla ya abiria wa kwanza kupanda: magurudumu yapate joto, na fundi asikilize. Mchana wa joto hali hugeuka. Treni hukimbia kupita kawaida, na breki ndizo zinazobeba mzigo. Breki za rolakosta za mbao za kizazi hicho hukamata kwa kusugua, nyingi zikivutwa kwa wenzo wa mkono, na mvua ikinyesha hushika kidogo sana. Mwendeshaji mzuri huzivuta mapema au hufunga kazi.

Reli ya mbao si ubao mmoja. Ni tabaka kadhaa za mbao, mara nyingi msonobari, zilizolazwa moja juu ya nyingine na kufungwa kwa boliti, kisha juu yake na ubavuni hupigiliwa chuma bapa ambacho magurudumu hupita. Kila behewa lina magurudumu ya juu yanayobeba uzito, na ya chini yanayozuia lisinyanyuke; kwa hayo ya chini tunamshukuru mvumbuzi wa rolakosta John Miller, aliyepata hataza yake (haki ya uvumbuzi) mwaka 1919. Kwenye mlima wa kupandishia, ile sauti ya ka-ka-ka ni ulimi wa chuma unaoangukia meno, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Sauti ikiruka jino moja, simamisha kazi uangalie springi au ulimi wenyewe kabla ya kitu kingine chochote.

Mbao hulowa zikavimba, hukauka zikasinyaa. Zikisinyaa, boliti iliyokuwa imebana jana leo ina nafasi, na nafasi hiyo hupanuka kila treni inapopita. Kwa hiyo fundi hutembea njia nzima kila asubuhi akiwa na nyundo na spana: hugonga nguzo asikie kama mlio ni mkavu au umefifia (uliofifia ni dalili ya kuoza), hukaza nati, hupima upana kati ya reli mbili, na hukagua viungio vya chuma bapa, maana hapo ndipo ufa huanzia. Kuoza huanza mguuni, mbao inapokutana na zege na maji kutuama. Mguu ulioinuliwa kidogo na kuachiwa njia ya maji huishi muda mrefu kuliko uliozikwa.

Sasa kuhama. Mkataba wa ardhi ya Kiddieland haukuongezwa, na bustani ikafungwa tarehe 27 Septemba 2009. Vifaa vyake viliuzwa kwa mnada mwezi Novemba, na Six Flags Great America ya Gurnee, kaskazini mwa Chicago, ikainunua Little Dipper kwa dola 33,000. Tarehe 27 Mei 2010 ilikuwa inabeba watoto tena. Hapo Gurnee inaishi bustani moja na rolakosta kubwa ya mbao ya American Eagle ya mwaka 1981, yenye kimo cha futi 127.

Si kazi ya kwanza ya Schmeck kuhama. Rolakosta yake ya Rocket ya San Antonio, Texas, ilifunguliwa vipande ikapelekwa bustani ya Knoebels, Pennsylvania, na kufunguliwa mwaka 1985 kwa jina la Phoenix. Comet nyingine, ya Crystal Beach, Kanada, ilisimama tena jimboni New York mwaka 1994. Kwa maoni yangu siri ni boliti. Kilichofungwa kwa boliti hufunguka, na mbao iliyochoka hukatwa nyingine kwa kipimo chake. Ila lazima kila kipande kipewe namba kabla hakijaguswa, kwa kibao cha chuma, maana rangi na chaki hufutika mvuani. Kila fremu ipigwe picha pande zote mbili, na misingi mipya ipimwe kutoka kwenye njia yenyewe: michoro ya awali haionyeshi marekebisho ya miaka sitini. Msingi mmoja ukizama sentimita mbili, reli hupinda pale, na gurudumu litapagonga kila mzunguko. Bei ya mnada ni sehemu ndogo ya gharama. Zege, kreni, mbao mpya na ukaguzi ndivyo vinavyokula fedha.

Kuhusu kamati: ada haikupanda na haitapanda mwaka ujao. Jalada la Little Dipper lipo kwa katibu, na mwanachama yeyote anaweza kuliomba. Kamati inapendekeza tuendelee na rolakosta za mbao za watoto alizochora John Allen, aliyeshika uongozi wa Philadelphia Toboggan Company baada ya Schmeck: Sea Dragon ya Ohio ya mwaka 1956, kisha ile iliyofunguliwa pamoja na bustani ya Kings Island, pia ya Ohio, mwaka 1972 na kubadilishwa jina mara kadhaa. Mwenye picha za wakati wa ujenzi au matengenezo, hasa zinazoonyesha viungio na miguu ya nguzo, azilete kwa katibu zikiwa na mwaka na mahali zilipopigwa.

Mwenyekiti