Baba mdogo, kuomba makazi ya kudumu sio kuihama Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako maana hili jambo nikilianzisha barazani nakatwa kauli kabla sijafika katikati. Mimi ni nesi, nimesomea hapahapa nchini, nikafanya kazi miaka sita, na tangu Machi 2022 niko Uingereza wodi ya wazee. Sasa hivi niko likizo Ngamiani, wiki tatu tu, na kila ninapopita swali ni lilelile, ushapata pepa? Nikisema bado muda haujafika watu wanatikisa kichwa kama nimewapa taarifa ya msiba. Juzi nimemwamkia baba mdogo shikamoo, kaitikia marahaba, halafu mbele ya watu wote wanaokunywa kahawa akasema "huyu si wetu tena, anaomba ukaazi kwa Wazungu". Watu wakacheka, na mimi nikacheka, ila usingizi usiku ule haukuja.

Sasa naomba nieleze hiyo pepa, yaani kibali cha makazi ya kudumu, ni kitu gani, maana naona wengi wanaisema bila kuijua.

Nesi anaingia kule na viza ya wafanyakazi wa afya, ile iliyoanza Agosti 2020, na hiyo viza inakufunga kwa mwajiri mmoja ambaye ndo mdhamini wako. Ukiacha kazi au ukiachishwa, kwa kawaida unapewa siku 60, ama upate mwajiri mwingine mwenye kibali cha kudhamini wageni ama ufungashe. Kwa hiyo mdomo unakuwa mzito bana. Unapangiwa shifti za usiku mfululizo unasema asante, unahamishwa wodi unasema asante. Hospitali yangu ya kwanza, jina siitaji, ilinisainisha mkataba kwamba nikiondoka kabla ya miaka mitatu nirudishe hela ya tiketi na hela ya mtihani wa vitendo wa OSCE, na mimi nikausaini nikiwa bado Tanga bila kuusoma mpaka chini, hilo ni kosa langu nalikubali.

Lakini hayo yote nilikuwa nameza. Kilichonishinda kumeza ni mwaka 2024, mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Manesi wa hospitali ya Bombo walimhudumia vizuri Mungu awalipe, ila mgonjwa wa nyonga akisharudi nyumbani hapo ndo kazi inaanza, kumgeuza, kumsimamisha, kumuogesha, kuangalia asipate vidonda vya mgongo, na hiyo ndo kazi ninayoifanya kila siku kwa mama za watu. Nikaja nikamaliza likizo yangu yote ya mwaka, nikaomba niongezewe bila mshahara. Nikajibiwa sawa, ila zisizidi wiki 4 kwa mwaka mzima, zikizidi mwajiri anatakiwa asitishe udhamini. Na sio kwamba walikuwa na roho mbaya, ndo kanuni za viza zilivyo, kuna sababu zinazosamehewa kama uzazi au ukiumwa wewe mwenyewe, kuumwa kwa mama hakumo. Basi nikarudi. Aliyemuinua mama mpaka akaanza kutembea na fimbo ni jirani yetu wa barabara ya 12, mimi kazi yangu ikawa kutuma hela na kumuelekeza kwa video, shika hapa, usimvute mkono, muwekee mto katikati ya miguu.

Sasa baba mdogo sikiliza. Ukipata makazi ya kudumu, yale wenyewe tunayaita ILR (Indefinite Leave to Remain), udhamini unaisha. Naweza kuacha kazi, nikaja Tanga nikakaa na mama mwaka mzima, nikarudi nikatafuta kazi nyingine na hakuna wa kuniuliza. Sharti nisikae nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, hapo ndo yanapotea. Yaani hiyo pepa unayosema inanichukua ndo itakayonileta nyumbani, bila hiyo naja kama mgeni na tiketi ya kurudi ipo mfukoni.

Na uraia ni kitu kingine kabisa. Makazi ya kudumu hayagusi utanzania wangu, pasipoti yangu ni ileile. Anayepoteza ni yule mtu mzima anayeenda mbele akachukua uraia wa nchi nyingine, kwa sababu sheria yetu ya uraia ya 1995 haikubali uraia pacha. Mimi huko sijafika na sina haraka. Hata jina langu kwenye Baraza la Uuguzi na Ukunga hapa nchini sijalifuta.

Halafu watu wanadhani unaomba tu unapewa. Kwa kanuni za mwaka 2025 unatakiwa ukae miaka 5 na katika miezi 12 yoyote usiwe nje zaidi ya siku 180. Ada kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 3,029, milioni kumi na kitu za kwetu, kwa kichwa kimoja, na kama una mume na mtoto piga mara tatu. Na kuna mtihani wa maisha ya Uingereza, maswali 24 dakika 45, humo unasoma wake sita wa mfalme Henry wa Nane mpaka unajua wepi walikatwa vichwa (babu yangu alikuwa na watatu na hakuna aliyewahi kutungiwa mtihani juu yao). Na mwezi Mei 2025 serikali ya kule ikatoa waraka wa kutaka hiyo miaka 5 iwe 10, toka siku ile wodini kwetu hakuna mgeni mwenye raha, mtu anahesabu miezi kama mwenye mimba.

Nimemtaja babu, ngoja niseme. Babu yangu, baba yake huyuhuyu baba mdogo, alitoka Kigoma kuja Tanga kama manamba wa mkonge. Alipewa namba, akafanya kazi kwa mkataba, ulipoisha akabaki, akaoa, akajenga Pongwe. Mpaka anakufa watu wakimwita Muha na yeye akiitika, na sijawahi kusikia mtu aliyesema kaisaliti Kasulu kwao Kigoma. Mimi pia nimepewa namba, ipo kwenye cheti cha udhamini. Na huu mji wenyewe tunausifia waja leo waondoka leo, sasa mimi nikiondoka inakuwa kesi?

Kingine nakipitia haraka ila ni muhimu. Nimekutana na mabinti wawili hapa mjini wanachangiwa hela wampe ajenti awatafutie kazi ya kea Uingereza, ya kulea wazee nyumbani. Ile njia kwa waombaji wapya walioko nje imefungwa tangu tarehe 22 Julai 2025. Manesi waliosajiliwa ndo bado wanaweza, na Tanzania ipo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya, kwa hiyo waajiri wa kule hawaruhusiwi kutuma watu kuja kutusaka huku, nesi anaomba mwenyewe moja kwa moja. Anayekuja kwako na fomu anataka milioni nne, mrudishie fomu yake.

Mimi Ijumaa alfajiri niko Kange napanda basi. Ukiichapa barua hii Mhariri naomba nakala moja ya karatasi ipelekwe kwa muuza kahawa, baba mdogo kwenye simu hasomi.

Nesi,
Ngamiani, Tanga