Roboti imenikosanisha na Mama Doto

Nyegezi, Mwanza
Jumapili jioni

Kulwa ndugu yangu,

Salamu tele, kama dagaa wa mwaloni. Sisi hatujambo, anayeumwa ni umeme tu. Najua nimekuwa kimya tangu ule msiba, utanisema tukionana. Leo nina shida.

Alhamisi tuliipeleka ile roboti ya kupokea wageni pale mwaloni Kirumba, tuijaribu kwa watu. Mama Doto akaja na ndoo yake kichwani, akaisogelea aisikie, si unazijua zile kelele. Roboti ikarudi nyuma. Akasogea, ikarudi tena. Mara ya tatu akatua ndoo: "Kumbe na wewe unaona nanuka?" Watu walicheka, kuli mmoja akaangusha gunia. Yeye hakucheka.

Kosa langu. Niliipangia ikae mita 1.2 kutoka kwa mtu, kipimo cha Edward Hall, yule mwanaanthropolojia Mmarekani aliyechunguza umbali ambao watu huachiana, cha mwaka 1966. Wengi wa fani yetu ya roboti wanakitumia. Na Hall mwenyewe alisema vipimo vyake ni vya Wamarekani aliowachunguza! Mimi nikakibeba hivyo hivyo mpaka Kirumba, kwa watu wanaonong'onezana bei sikioni.

Na salamu, jamani. Kamera inakisia umri, basi ikampa shikamoo binti wa mamalishe, kanuna mpaka leo. Tena ikisikia kimya cha sekunde moja inajua mtu kamaliza. Mzee mmoja alisema "Mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma, akavuta pumzi aulizie na wa nyumbani, ikamrukia: "Nikusaidie nini?" Akaniangalia mimi, si roboti. Ningekuwa mdogo ningechapwa.

Lakini la Mama Doto ndilo linalonikosesha usingizi. Juzi nimenunua dagaa kwake, kapima, kafunga, nyongeza hakuna. Miaka yote ile!

Sasa ombi. Nataka nije Magu nimrekodi bibi yako akipokea wageni: anasimama wapi, anainamisha macho saa ngapi, salamu inachukua muda gani mpaka shida itajwe. Mwulize yeye kwanza, usipitie kwa mjomba.

Unaonaje, atakubali kamera? Nije na sukari au khanga? Jumamosi utakuwepo? Na kwa Mama Doto niende na roboti imwombe radhi yenyewe, au ndiyo nitaharibu kabisa?

Wako,
Masanja