Shukrani kwa kaka wa steshenari

Jamani naombeni nimshukuru huyu kaka, jina lake hata sikumuuliza, anatoa fotokopi pale jirani na ofisi ya kata. Sisi ni kikundi cha akina mama tunasaga unga wa lishe, tulikuwa tunasikia tu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ya kukopesha vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, mkopo hauna riba, ila kila tukiuliza unakuta mtu anataka kwanza hela ya kufuatilia. Huyu kaka akasema mama zangu hamna cha kufuatilia hapo, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, fomu inajazwa mtandaoni basi.

Halafu akakaa na sisi mpaka giza likaingia. Andiko la mradi wengi tunajua ni maneno ya kujikwamua kiuchumi, yeye akataka namba, soya kilo bei gani, karanga je, mfuko na lebo vinakula shilingi ngapi, kwa siku mnauza pakiti ngapi, akapiga hesabu zote kwa kalamu nyuma ya karatasi iliyoharibika ndo akachapa. Katiba, muhtasari wa kikao, NIDA zetu, akaunti ya kikundi, vyote kavipanga. Akachukua hela ya kuprinti tu, soda kakataa!!

Mkopo umeingia wiki hii. Mdogo wangu Mungu akuzidishie, na unga wa watoto upo, pita uchukue acha aibu 😂