Kwa dada aliyetukimbiza na hotpoti

Dada wa koti la kijani, uliyeshuka basi Jumanne asubuhi hapa Leicester ukatukimbiza na mfuko wetu, asante sana. Mwanangu aliusahau kitini. Ndani mlikuwa na hotpoti ya wali wa nazi na maharage, maandazi mawili kwenye foili, na kijiko alichopewa na bibi yake Tanga (bila kijiko hicho hagusi chakula, usiniulize kwa nini). Niliamka saa kumi na moja alfajiri kupika.

Uliponiona nahema ukacheka: "Iliki hii! Nusura niyale mimi."

Kiswahili, kwenye baridi ile! Nikaduwaa. Basi lingine likaja, ukapanda kabla sijakuuliza jina.

Hotpoti ilirudi tupu jioni. Karibu chai Jumamosi yoyote, maandazi yapo.